Ile Ishirini na Tano Ilikuwa Ndani ya Nyaya

Papa Ilunga,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi siwezi kukuuliza yako: nilikuwepo tulipokuteremsha, nikatupa udongo wangu kama wengine. Basi nianze na yangu. Nakula, nafanya kazi, watu wananiita chef. Lakini kila nikipita mbele ya magazini, ghala la kampuni, pale kwenye kidirisha ulipokaa miaka saba ukitoa skurubu na sabuni, natazama chini kama mtu aliyeangusha funguo. Sikuangusha funguo. Nina aibu.

Neno hilo nimeliandika mapema kwa sababu najijua. Nikiruhusiwa kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe, nikuambie habari za mvua, bei ya dagaa, nani kaoa nani, halafu niseme nafasi imekwisha, tutaonana. Wewe ulikuwa ukinitazama juu ya miwani nilipoanza kuzunguka hivyo, ukangoja tu. Leo hakuna wa kunitazama, ndiyo maana nimejifunga kwa neno.

Unakumbuka siku niliyofika karakana ya phonie, zile redio za machimbo? Nilivaa abakosti ya kijivu, imetoka kwa fundi wiki hiyohiyo, na diploma yangu nimeikunja ndani ya gazeti isipate mafuta. Wewe ulivaa ovaroli ya bluu yenye kiraka kwapani, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, na ulikuwa ukizungusha waya kwenye bobini huku rozari imening'inia kidoleni. Nikakusalimu kwa sauti ya mtu mwenye diploma. Ukainua kidole kimoja bila kugeuka. Shanga moja kwa kila mzunguko, taratibu, mpaka ukafika mwisho, ndipo ukasema, "Karibu, mutoto. Ukinisalimia mu dizaine ya tatu, njo naanza tena yote." Nilicheka. Dizaine ni kumi moja la shanga za rozari, na nilidhani unasali saa za kazi. Baadaye nikajua ulikuwa unahesabu, na baadaye zaidi nikajua ulikuwa unafanya yote mawili.

Ulinifundisha kulehemu. Shuleni hatukuwa na chuma cha kulehemu, ile feri yako; tulikuwa na picha yake ubaoni. Miaka sita nilichora bobini na kondansata kwa chaki na sikuwahi kushika hata moja. Wewe ulinishika mkono, mkono wako ukiwa na makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko, ukasema, "Feri haina haraka. Weye njo uko na haraka." Mchana ulifungua kitambaa chako, bukari na dagaa, ukakata tonge kubwa ukanipa mimi, ukidai meno yanakuuma. Ulikuwa na meno yako yote, Papa. Nilikuona ukivunja muwa.

Na kulikuwa na ile namba yako.

Kazi yetu ilikuwa moja, tukiiondoa vumbi na maneno ya ofisini: kila phonie ya machimbo ilitakiwa iitikie masafa iliyopangiwa na si mengine, ili mtu wa machimbo ya Kamatanda akibonyeza na kusema "Likasi, Likasi," sisi hapa Likasi tusikie. Na kinachoamua hayo ni vitu viwili tu, bobini na kondansata. Waya uliozungushwa, na mabati mawili yanayotazamana bila kugusana. Umeme huenda na kurudi kati yao kama mtoto kwenye bembea, na kila bembea ina mwendo wake. Wewe ulinieleza kwa njia yako: "Bobine ni muntu wa buzito. Condensateur ni muntu wa mbio. Ukibaweka pamoja, banapatana mwendo moja tu. Kazi yetu ni kuijua mwendo ile." Sijawahi kusikia mwalimu akieleza vizuri kuliko hapo, na sikukuambia.

Mimi nilikuwa na hesabu ya shule. Zidisha bobini kwa kondansata, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili na kwa pi, halafu gawanya moja kwa jibu hilo. Wewe hukuwa na pi. Ulikuwa na mia moja hamsini na tisa, uliyoachiwa na msimamizi mmoja Mzungu kabla hajarudi kwao. Mia moja hamsini na tisa gawanya kwa kipeuo, basi, masafa ndiyo hayo. Kipeuo chenyewe ulikitafuta kwa kubahatisha, kwa chaki juu ya meza: thelathini na moja mara thelathini na moja, ndogo, thelathini na mbili mara thelathini na mbili, kubwa, basi iko katikati. Mimi na wenzangu tuliiita namba ya mganga. Siku moja, kwa ubishi tu, nilikaa nikagawanya elfu moja kwa mbili na kwa pi. Ikatoka mia moja hamsini na tisa. Ilikuwa pi ileile, imeshapikwa tayari, na kilichobaki kwako kilikuwa kula. Sikumwambia mtu. Wenzangu wakaendelea kuita namba ya mganga, nami nikacheka nao. Huo ulikuwa ukimya wangu wa kwanza; ningejua nina kipaji hicho ningejihadhari.

Sasa nifike kwenye ile Jumatatu.

Tulikuwa tumekwisha kuimba mbele ya bendera na kupiga makofi kama inavyopaswa. Amri ilikuwa imetoka juu: phonie tano za machimbo zihamie kwenye megahezi tano. Chef Mbayo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipenda tu karatasi kuliko watu, akatuita wote mbele ya ubao. Alitaka hesabu iandikwe safi, aipeleke kwenye ripoti. Akakuita wewe kwanza kwa sababu ya mvi zako.

Ulichukua chaki. Mia moja hamsini na tisa mara mia moja hamsini na tisa, elfu ishirini na tano mia mbili themanini na moja. Gawanya kwa tano mara tano: elfu moja na kumi na moja. Gawanya kwa bobini, ambayo ni kumi: mia moja na moja. Mpaka hapo mimi nilikuwa nimeshafika pia, kwenye nusu yangu ya ubao, kwa pi na vipeo vya kumi na mistari iliyonyooka. Mia moja na moja. Tulikuwa sawasawa, mzee wa rozari na kijana wa diploma. Chef alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu ukaandika mstari mmoja zaidi: toa 25. Sabini na sita. Ukageuka ukasema, "Tutatia soixante-quinze," sabini na tano, iliyo karibu zaidi kati ya kondansata tulizokuwa nazo.

Ningeweza kunyamaza. Ajabu, siku hiyo moja ambayo kunyamaza kungekuwa wema, nilisema. Niliinyooshea kidole ile 25 nikakuuliza, "Papa, hii vingt-cinq inatoka wapi?" Ukajibu bila hasira, kama unavyomjibu mtu anayeuliza kweli, "Iko mu ma-fil. Fil nayo inakamataka umeme kidogo. Na lampe. Na bobine yenyewe. Minye natosha vingt-cinq kila mara, na inatokaka muzuri."

Chef akanitazama mimi. Hapo tu, Papa. Nimeyafikiria miaka yote hii na sababu ni ndogo kiasi hicho: chef alinitazama mimi. Nikaokota kipande cha waya chini ya meza, nikakunyooshea mbele ya watu wote, nikasema, "Mu ma-fil hakuna condensateur. Kama iko, utuonyeshe."

Wakacheka. Ulikipokea kile kipande. Ukakigeuza mwanga uingie, ukakitazama kwa makini kabisa, kana kwamba huenda ikaonekana, halafu ukakitia mfukoni mwa ovaroli na kurudi kwenye nafasi yako. Nyuma kule mtu akasema, "Papa Vingt-Cinq." Sikugeuka kuona ni nani. Ningegeuka ningelazimika kukunja uso.

Ripoti iliandikwa kwa hesabu yangu. Phonie tano nikapewa mimi. Wiki iliyofuata ukahamishiwa magazini, ili upumzishe macho, ndivyo walivyosema. Ulifungasha vitu vyako kwenye sanduku la lampe: rozari, miwani ya akiba, chuma chako cha kulehemu. Chuma walikuomba ukiache, kilikuwa cha kampuni. Wewe uliingia karakana hiyo kabla sijazaliwa.

Sasa nikuambie ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka Jumapili iliyopita. Nilianza na phonie ya Kamatanda. Nikaweka kondansata ya mia moja, nikaiwasha, nikasogeza ondemeta, kile kipimo cha masafa. Sindano ikasimama kwenye nne na nusu. Nikazungusha kile kiskurubu cha kurekebisha mpaka kikafika mwisho wake. Nne na nusu na kidogo tu. Nikabadilisha lampe, ile taa ya kioo ya ndani. Nikazungusha bobini mpya. Nikarudia hesabu mara nne, na mara zote nne hesabu ilikuwa sahihi na phonie ilikuwa na makosa. Siku tatu nilitembea na hasira dhidi ya kisanduku cha bati.

Alhamisi, wenzangu wakiwa wametoka kula, nilifungua droo yako. Zilikuwa humo, tano, ulizochagua asubuhi ile ya Jumatatu kabla hatujaitwa ubaoni, kila moja na kitone chako cha rangi nyekundu. Sabini na tano. Nikalehemu moja. Sikuwa na haraka, angalau hilo nililishika. Nikawasha. Sindano ikapanda ikatulia kwenye tano kamili, haikutikisika.

Sabini na tano zilizoandikwa kwenye bati lake, na ishirini na tano ambazo hakuna aliyeziweka. Zilikuwemo ndani ya nyaya, Papa. Kila waya unaopita karibu na mwenzake ni mabati mawili yanayotazamana bila kugusana. Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikujua kwamba yalisemwa kuhusu waya wa kweli.

Kutoka meza yangu mpaka kidirisha cha magazini ni hatua ishirini. Ulikuwa umekaa pale, nilikuona kupitia mlango, unamenya karanga. Ningekuja wakati ule, ningesema Papa, njoo uone. Ungekuja mbio. Ungefurahi, si kwa kunishinda, ungefurahia sindano. Najua hivyo kwa hakika, na kwa sababu hiyo sina pa kujificha.

Badala yake nikafunga kifuniko. Nikalehemu zile nne nyingine kwenye phonie nne nyingine. Na kwenye fiche, ile karatasi iliyobandikwa ndani ya kila kifuniko ambapo kila fundi anayefungua huandika alichokikuta na alichokibadilisha, niliandika mara tano: kondansata 100. Nikatia sahihi. Chef akaita Kamatanda, Kamatanda wakajibu kama wamesimama chumbani, akanishika mkono mbele ya wote. Mwezi uliofuata nikawa msaidizi wake.

Jina nililokuletea halikubaki karakana. Lilipanda baiskeli za wafanyakazi likafika Kikula, mtaani kwako. Watoto waliliimba ulipopita. Siku za salongo, ile kazi ya lazima, tukikata majani pembeni ya barabara, mtu angepaza sauti, "Vingt-Cinq, ulete panga," nawe ukaleta. Sokoni walimwita mkeo Mama Vingt-Cinq, na walinunua sombe kwake, majani ya muhogo, wakiuliza kama ametoa ishirini na tano. Binti yako Kapya alipokwenda shule Mulungwishi, jina lilimtangulia bwenini. Alirudi likizo akakuuliza lina maana gani, na mkeo ananiambia ulimjibu kwamba ni hesabu ya kazini, akikua ataielewa.

Uliliitikia, Papa. Ningependa sana kuandika kwamba ulikasirika. Ungekasirika, ningekuwa na kitu cha kukulaumu.

Mwaka mmoja baadaye nilikuja kwenye kidirisha kuomba risasi ya kulehemu. Nilikuwa nimekwama na phonie nyingine, masafa yanakataa tena, na nikakuuliza kwa pembeni, kwa sauti ya mtu anayepiga soga, kama umewahi kuona shida ya namna hiyo. Ulipima risasi yangu, ukaifunga. Ukasema, "Uangalie na ma-fil, mutoto." Hukutabasamu. Ukangoja kidogo, ukinitazama juu ya miwani. Nami nikasema, "Ndiyo, Papa," nikatia sahihi kwenye daftari la magazini nikaondoka. Siku hizi nafikiri kwamba ulikuwa umenifungulia mlango ukaushikilia, na mimi nikakushukuru kwa risasi.

Kifua chako kilianza kuuma msimu wa baridi na hakikupona. Nilikuja hospitali mara mbili, nikaleta machungwa. Tuliongea habari za machungwa.

Halafu kilio, msiba wako. Unajua bizukulu wanavyofanya. Na wewe ulifanya hivyohivyo kwenye vilio vya wakubwa zako, wanasema ulikuwa hodari. Wajukuu na watani walizuia njia, wakadai chao, wakavaa nguo zako. Mmoja alivaa ovaroli ya bluu na kufunga miwani kwa kamba. Akachukua rundo la waya. Akaanza kuufungua mmoja mmoja, anachungulia ndani, anausikiliza sikioni, anautikisa, huku wengine wakimwuliza, "Vingt-cinq iko wapi, Papa?" naye anajibu, "Iko humu, iko humu, ingojeni." Watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo desturi, na desturi ni nzuri: marehemu huagwa kwa kasoro zake, ili zisibaki duniani kusumbua watu.

Lakini ile haikuwa kasoro yako. Ilikuwa yangu, na walikuwa wanakuzika nayo. Nilisimama nyuma ya jiko la bukari nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu nilihisi kwamba nisipocheka wataniuliza kwa nini. Nilipoinua uso nikakuta mkeo ananitazama. Hakuwa analia wala hakuwa na hasira. Alinitazama tu, kisha akageukia wageni.

Wiki tatu baadaye walileta phonie ya Kamatanda, imekufa kabisa, ifunguliwe kwa ajili ya vipuri. Nikaifungua mwenyewe, hizo tano sikuruhusu mtu mwingine aziguse, ndivyo nilivyodhani. Kondansata ilikuwepo, kitone chake chekundu kimefifia. Na kwenye fiche, chini ya mwandiko wangu, kulikuwa na mstari mwingine. Mwandiko wako, zile herufi zako kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Nilipokuwa likizo kwa wakwe zangu, mwaka wako wa pili magazini, lampe ilikufa, na chef alikutoa magazini kwa siku moja ubadilishe. Uliandika: "Lampe imebadilishwa. Kondansata 100, nimeona. Ilunga."

Umeona. Ulikuwa na sabini na tano yako mbele ya macho, rangi uliyoipaka kwa mkono wako, na ukaandika mia. Wewe uliyekuwa ukianza bobini upya kwa sababu mtu amekusalimu kwenye dizaine ya tatu. Namba pekee ya uongo uliyoiandika maishani mwako uliiandika kwa ajili yangu, ili atakayefungua baada yako asijue kilichomo. Nilikaa chini, sakafuni, kati ya skurubu. Kijana mmoja wa karakana aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Nilidhani aibu ina kima, kwamba mtu akishaijua yake anaweza kuibeba. Mpaka siku ile nilikuwa na aibu ya mwizi ambaye hakuonekana. Sasa ninayo ya mwizi aliyeonekana, na aliyemwona akamfungia mlango taratibu ili asishtuke.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa mkeo. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yakanitoroka, nikasema yote ovyo, mwisho kabla ya mwanzo. Aliendelea kuchambua mboga. Nilipomaliza alisema anajua. Ulimwambia usiku ule uliporudi kutoka kubadilisha lampe, na akataka kwenda kwa chef asubuhi yake, ukamzuia. Amenipa maneno yako kama ulivyoyasema: "Umuache. Ni mutoto ya bantu. Atasema yee mwenyewe."

Uliningoja, Papa. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto: miaka mitano. Kila mara nilipokuja kwenye kidirisha kuomba risasi, au kitambaa, au sabuni, ulikuwa unangoja, na mimi nilitia sahihi kwenye daftari.

Nikamwomba mkeo msamaha. Hapo aliacha mboga. Alisema, "Usiniambie minye. Uwaambie bale benye balicheka." Kisha akaniuliza kama nitakula, maana ni yeye, na mtu hafukuzwi nyumbani kwako bila kula. Nilikula.

Kwa hiyo nimeanza na rahisi. Nimekusanya fiche zile tano, na chini ya kila moja nimeandika: si kweli, ni 75, kwa hesabu ya Ilunga. Ile ya Kamatanda sikuthubutu kuukata mstari wako. Nimeandika chini yake kwamba mimi niliyetia sahihi ya kwanza nilijua, na jina langu. Nimempelekea Chef Mbayo, ambaye amestaafu na anafuga bata. Alizisoma mara mbili. Alitikisa kichwa, akauliza kama ripoti nayo itabidi ibadilishwe.

Mengine yamebadilika kidogo. Baiskeli yako anayo mkweo na ameinunulia kengele. Magazini yupo mtu asiyejua kupima risasi. Anakadiria kwa jicho. Kapya amemaliza Mulungwishi na anafundisha hesabu hapa mjini, madarasa ya chini. Nilimkuta kwa mkeo ile Jumapili, alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakunisalimu. Aliniomba nimwandikie ile hesabu, kuanzia mia moja hamsini na tisa mpaka kutoa ishirini na tano, na aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata kila mstari. Alipofika mwisho alikunja karatasi akaingia ndani. Sikumlaumu.

Jumamosi hii tunaondoa kilio, mwisho wa matanga. Watakuja wote, wa karakana, wa Kikula, wa sokoni, na bizukulu watakuja na nguo zako kwa mara ya mwisho. Nakuahidi kwamba kabla bukari haijaletwa nitasimama katikati yao na kusema ulikuwa sahihi, kwamba nilijua tangu Alhamisi ile, na kwamba jina walilokuita linanistahili mimi. Wakitaka kulitumia, nitaitika.

Lakini umenifahamu, Papa, na mimi nimejifahamu. Nimekwisha kuahidi mambo nikiwa peke yangu na kalamu. Mbele ya watu mtu mmoja ananitazama, basi, nakuwa mwingine. Kwa sababu hiyo barua hii sitaizika kaburini kwako wala kuichoma. Naipeleka kesho kwa mkeo, imefunguliwa, na nimemwomba Kapya akae nayo Jumamosi. Sahani zikianza kupita nami bado nimekaa, atasimama yeye, aisome yote kwa sauti, asiruke kitu, hata jina langu.

Pumzika, Papa yangu. Asante kwa tonge kubwa. Mimi ni Kalenga, mwanafunzi wako, na nitasimama. Na ninyi mliokaa hapo, kama ni Kapya anayewasomea maneno haya, basi jueni kwamba sikusimama.